Kwa Nini Tunda la Kwanza Huliwa na Bibi

Palikuwa na zama ambapo kinywa cha mwanamke mzee ndicho kilichofunguliwa mwisho nyumbani. Chakula kikiiva, walianza wazee wa kiume. Wakafuata vijana, kwa sababu eti wao ndio wenye nguvu. Wakafuata watoto, kwa sababu watoto hulia. Wakafuata wanawake wanaonyonyesha, kwa sababu maziwa hayatoki hewani. Bibi alingoja. Zamu yake ilipofika, chungu kilikuwa kimebaki na ukoko, naye alikwanguliwa ukoko huo na kuambiwa ashukuru, ilhali kila mtu alijua kwamba ukoko unataka meno, na meno ndiyo watu wa kwanza kumkimbia mzee. Hakuna aliyeona ajabu. Anayekula kwanza haoni ajabu.

Leo mambo ni kinyume. Leo, huko milimani, hakuna anayethubutu kutia mdomoni tunda la kwanza la msimu kabla bibi wa nyumba hajalionja. Ukiwauliza sababu watakwambia ni heshima. Heshima! Siku desturi hiyo ilipozaliwa heshima haikuwepo hata kwa mbali. Kilichokuwepo ni woga, tumbo la shemeji mmoja, na mwanamke aliyeitwa Saru, ambaye tangu utoto wake hakuweza kupita mbele ya chungu kilichofunikwa bila kuinua kifuniko.

Saru aliishi Kironge, kijiji cha mlimani chenye ukungu asubuhi na jua la kuazima mchana. Mumewe, Righa, alipokufa, mali iligawanywa kama ilivyokuwa desturi. Migomba ilikwenda kwa mwanawe, Mwakio. Ng'ombe walikwenda kwa ndugu ya marehemu, Mzee Maghanga, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo na ambaye tumbo lake lilifika barazani kabla yake. Saru aliachiwa kibustani nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yalipoishia. Hakuna aliyemwonea wivu. Lakini mikononi mwake kile kibustani kilitoa mchicha, mnavu, maboga na pilipili, naye alipotaka chumvi alikwenda na fungu la mboga akarudi na chumvi, bila kumwomba mtu. Kwa mwanamke mzee wa siku zile, kutoomba chumvi kulikuwa ndiyo ufalme wenyewe.

Kibustani hicho kilipakana na zizi la ndama wa Maghanga, na katikati palikuwa na ua wa minyaa. Mnyaa kila mtu anaujua. Ukiuvunja kitawi unatoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakikuingia jichoni, siku hiyo hutaona tena isipokuwa makosa yako. Watoto wa Kironge walifundishwa kuuogopa mnyaa kabla hawajajua kutamka jina lake vizuri.

Sasa, mwaka mmoja, baada ya masika, Saru alikuwa akipalilia maboga yake akaona, chini ya ule ua, mche asioujua. Jani lake lilikuwa na vidole vitatu kama mguu wa kuku. Akaugusa. Akaunusa. Akalichana jani na kulitia ulimini, akatema. Mwanamke mwingine angeung'oa akaendelea na kazi, kwa maana bustani si nyumba ya wageni. Saru akauwekea mbolea. Alijiambia kwamba kitu kisicho na jina haking'olewi kabla hakijajieleza.

Ule mche ulikuwa na haraka. Ulitoa vikono vyembamba vilivyojisokota kama mkia wa kinyonga, ukaushika mnyaa, ukapanda, na mnyaa wenyewe, ambao haukupata kumvumilia mtu, ukauacha upande. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto Saru alikwenda kuutazama umefika wapi. Halafu siku moja ukatoa ua.

Siku hiyo maharage yaliungua.

"Mama, maharage!" akaita mkwewe, Mkawasi, mke wa Mwakio, akiwa na mtoto mgongoni na mwiko mkononi.

"Yameshaungua, tutayala hivyo hivyo. Njoo uone."

"Nione nini?"

"Ua lenye kope."

"Mama, ua halina kope."

"Njoo basi uliambie lenyewe."

Mkawasi akaja kwa hasira, akainama, hasira ikamtoka. Lilikuwa jeupe kwa chini, na juu yake zimetandazwa nyuzi nyembamba za zambarau, zimepinda nchani, kope kabisa, kama za mwanamke anayejua kwamba anatazamwa. Katikati pamesimama vitu vya kijani ambavyo wala Saru wala Mkawasi hawakujua ni vya kazi gani.

"Tusimwambie mtu," akasema Mkawasi.

Jua halijazama, Kironge nzima ilikuwa imeshaambiwa. Mkawasi alikuwa mtu mwema lakini mdomo wake haukuwa na mlango.

Watu wakaja kutazama. Maua yakaanguka, na mahali pake yakatokea matunda ya mviringo, ya kijani, yananing'inia juu ya ule ua wa sumu kana kwamba yako kwao. Yakakua yakafikia yai la bata. Kisha yakaanza kubadilika rangi, na rangi iliyokuja ilikuwa ile ya jicho lililopigwa ngumi. Hapo watu wakaacha kuja karibu. Wakawa wanatazama kutoka kwenye migomba. Neno likapita kutoka kinywa hadi kinywa, na kila kinywa kikaliongezea chumvi: mmea huu unanyonya maziwa ya mnyaa. Una vikono vya kushikia, una kope za kukonyezea, na ndani ya yale mayai yake umejaza upofu.

Mzee Maghanga akaja na wazee wenzake na beberu wake. Beberu huyo alikuwa na sifa. Aliwahi kula shuka la mgeni, mgeni akiwa amelala ndani yake. Maghanga akachuma tunda la kijani kwa ncha ya fimbo, akalipasua, akamsogezea. Beberu akanusa, akauma, akasimama. Midomo yake ikajipinda, upande huu kisha upande huu. Akapiga chafya moja, akageuka, akaenda kula mpini wa jembe.

"Mmeona wenyewe," akasema Maghanga. "Kitu kilichomshinda beberu wangu, mtu atakilaje? Desturi iko wazi. Mmea uliojiotea ukazaa, nao si chakula wala si dawa, hung'olewa pamoja na udongo wake, na shamba likalazwa bila kulimwa."

Shamba lililolazwa lilirudi mkononi mwa ukoo, na mkono wa ukoo ulikuwa wa Maghanga. Zizi lake la ndama lilikuwa limebana siku nyingi. Hakuna aliyelisema hilo. Ila macho ya watu, moja baada ya jingine, yalivuka ule ua yakatua kwenye zizi, yakarudi kutazama chini.

Saru naye aliliona. Akaona mchicha wake umekanyagwa na ndama, akajiona yeye mwenyewe amesimama mlangoni mwa mtu na kikombe kitupu cha chumvi. Lakini pamoja na hilo, na pengine kabla ya hilo, kulikuwa na jambo jingine lililomkera: wangeung'oa ule mmea na yeye asingejua kamwe ndani ya tunda lililokomaa kuna nini.

"Shemeji," akasema, "mbuzi ni mbuzi. Nitaonja mimi."

Watu wakaguna.

"Mama, hapana," akasema Mwakio, kwa sauti ya mtu anayekataa nyama ya pili huku ameshika sahani.

"Ukifa, nani atanichungia kuku?" akauliza Mkawasi, naye macho yalikuwa yamemjaa machozi kweli.

"Kuku wana akili kuliko nyinyi, watajichunga. Shemeji, katika watu wote waliosimama hapa nani ana miaka michache zaidi ya kupoteza? Nikipofuka, nimeshayaona yanayotosha. Nikifa, mtabaki na ukoko."

Maghanga akafikiri. Aliutafuta ubaya wa jambo hilo kwa upande wake, hakuuona. Akakubali. Akachagua tunda yeye mwenyewe, lile zuri kuliko yote, nyororo, gumu, linang'aa kama kichwa kilichonyolewa na kupakwa mafuta. Aliamini, kama wanaume wengi wanavyoamini, kwamba kinachong'aa ndicho kilicho tayari.

Wakamkalisha Saru kwenye kigoda katikati ya ua wa nyumba. Kijiji kizima kikazunguka. Jirani yake, Mghoi, akasogea karibu akamnong'oneza sikioni: "Saru, dada yangu, kabla mambo hayajaharibika. Kile chungu chako cha maharage, umemwachia nani?"

"Nakwenda nacho," akasema Saru, akatia tunda mdomoni.

Lo! Ukali ulimpanda kutoka ulimini hadi kwenye mizizi ya nywele. Uso wake, ambao ulikuwa na mikunjo ya kutosha, ukajikunja mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Jicho moja likafumba lenyewe. Mkawasi akapiga ukelele wa msiba. Mwakio akakimbia kuleta maji, akarudi mbio akiwa hana maji wala kibuyu, amesahau alichokifuata. Mghoi akaanza kutazama upande wa jikoni.

Saru akameza. Wakangoja. Kivuli cha paa kikatambaa mpaka kikafika kwenye minyaa, naye bado ameketi, anajitoa mbegu kwenye pengo la meno kwa ukucha.

"Unaona?" akauliza Maghanga, akimpungia mkono mbele ya macho.

"Nakuona, Shemeji. Hapo ndipo ningeshukuru kama ningekuwa kipofu."

Watu wakacheka, kwa kuwa walikuwa wameogopa. Maghanga hakucheka. Akasema kwamba tunda halikuua, sawa, lakini si chakula. Na kwamba wanaume wakishamaliza palizi ya shamba la ukoo watakuja na majembe. Akaondoka na beberu wake.

Wengine wangekata tamaa hapo. Saru alikwenda kulala akiwa na swali. Kwa sababu katika ule ukali, nyuma kabisa, wakati anameza, alikuwa amenusa kitu. Kilikuwa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde: husikii neno, lakini unajua kwamba unaitwa wewe. Tunda kali tupu halina harufu ya namna ile. Ndimu haikuiti. Ukwaju haukuiti. Kwa hiyo akawa anazunguka chini ya ule mmea kila alipopata nafasi, akiyabonyeza matunda kwa kidole gumba, akiyanusa, akiyagonga na kutega sikio kama mtu anayebisha hodi.

Upepo ukaangusha baadhi. Hakuyagusa kwanza, maana kilichoanguka chenyewe kilikuwa kimeanza kuharibika. Yale mazuri yenye kung'aa yalinyong'onyea pale chini kwenye mchicha, ngozi ikafanya makunyanzi, yakawa mepesi, meusi, mabaya ya sura. Mtu angepita akayapiga teke. Lakini alfajiri moja Saru aliona sisimizi. Walikuwa wamejipanga safu kutoka shimoni kwao hadi kwenye tunda moja lililokunjamana kuliko yote, nao hawakuwa wakienda na kurudi kama watu wa kazini. Walikuwa wakienda tu. Waliofika hawakurudi.

Saru akapiga magoti. Akawapuliza sisimizi. Akalipasua tunda kwa kucha mbili.

Ndani palikuwa na kitu cha kutisha. Uji wa manjano, na ndani ya uji mbegu nyeusi nyeusi, kila moja imejifunika utando wake, vile vile kama mayai ya chura kwenye dimbwi. Kama angekuwa mtu wa kuamini macho angelitupa. Lakini ile harufu ilikuwa imeruka kutoka ndani ya lile ganda ikamjaa uso mzima, na safari hii neno lilisikika.

Akaramba.

Akakaa chini kwenye mchicha wake, kitu ambacho hakuwahi kumruhusu hata kuku kukifanya. Ukali ulikuwepo, lakini umezeeka, umepoa, umejifunza adabu. Na juu yake utamu, si ule wa asali unaochosha, bali utamu unaokwenda na kurudi, ukidhani umeisha unakuta umebaki shavuni. Mbegu zilipasuka kidogo kidogo kwenye yale meno machache. Zilikuwa laini kuliko ukoko. Akaliramba ganda mpaka ndani pakawa peupe.

Akasimama ili amwite Mkawasi. Akavuta pumzi, akafungua kinywa. Na hapo akaona, wazi kabisa, mambo yatakavyokwenda. Ataitwa Mzee Maghanga. Maghanga atakula. Watakula wazee, kisha vijana, kisha watoto kwa sababu watoto hulia. Na yeye Saru, aliyehatarisha koo lake, ataletewa maganda aambiwe ashukuru.

Akafunga kinywa. Akakaa tena chini, akala la pili.

Kuanzia hapo watu wakawa wanamkuta bustanini kila wakati, ameinama chini ya ule mmea, na kila mmoja akimwuliza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akiwashwa na hamu ya kujua: "Vipi, Bibi?" Naye aliwajibu akiwa ameshika kiuno.

"Bado nachunguza. Leo tumbo limenguruma upande wa kushoto. Wekeni watoto mbali."

"Na jana?"

"Jana liliguna katikati. Si kitu cha kuharakisha."

Waliondoka wakitikisa vichwa, wakisema mwanamke yule amejitoa mhanga kwa ajili ya kijiji. Mghoi akaja tena kuulizia chungu.

Aliyeanza kunusa jambo ni Mkawasi. Mama mkwe wake alikuwa ameacha kula ukoko. Alipoletewa alisema mpeni mbwa. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Nyuki walimfuata hadi mlangoni. Na mara nyingine, akiwa anachambua mboga peke yake, alicheka. Mtu anayekufa hacheki anapochambua mnavu. Basi siku moja Mkawasi akamfunga mtoto mgongoni, akazunguka kwa nyuma ya migomba, akachungulia.

Saru alikuwa ameketi kivulini amenyoosha miguu, ana maganda matupu pande zote, na uji wa manjano kidevuni.

"Mama! Hivyo ndivyo unavyokufa?"

Saru hakushtuka. Alijipangusa kidevu, akaulamba mkono.

"Ninakufa polepole. Kaa, na wewe ufe kidogo."

Akampasulia moja. Mkawasi akayatazama yale mayai ya chura, akamtazama mama mkwe, akafumba macho, akala. Akalikwangua ganda kwa kidole mpaka ndani pakawa pakavu.

"Mama," akasema mwishowe, "umedanganya kijiji kizima."

"Sijadanganya. Nilisema nachunguza, na hunioni nachunguza? Nipe hilo jingine hapo."

Wakala. Kisha Mkawasi, ambaye hakuwa mjinga ingawa alisema sana, akaacha kutafuna.

"Palizi imekwisha. Kesho wanakuja na majembe. Ukisema ni tamu, bustani itabaki, lakini matunda atakula Mzee Maghanga na wenzake, na sisi tutaokota maganda. Usiposema, watang'oa kila kitu, na huo mchicha, na hayo maboga. Utafanya nini?"

Saru alikuwa akilitazama ganda lililokuwa mkononi mwake, akiligeuza.

"Kwanza," akasema, "wewe utafunga mdomo. Hilo likiwezekana, mengine yote yanawezekana."

Na Mkawasi, safari hiyo moja, akaufunga.

Wakaja asubuhi, majembe mabegani, Maghanga mbele. Walimkuta Saru ameketi kwenye kigoda chini ya mmea wake, na mapajani ana ungo uliofunikwa kwa jani la mgomba. Mkawasi amesimama nyuma yake, midomo ameibana kana kwamba ameshikilia pini.

"Wekeni majembe chini," akasema Saru. "Hiki ni chakula."

"Shemeji, ulikunja uso mbele ya watu wote."

"Nilikunja uso kwa sababu ulinichagulia wewe." Akaondoa lile jani. Wanaume wakarudi nyuma.

"Yameoza!"

"Yamezeeka. Hamjui tofauti, ndiyo maana mnakula mabichi."

Akachukua moja, akalipasua mbele yao, akala bila haraka. Harufu ikawafikia. Ikapita kwenye majembe, ikapita kwenye ndevu, ikaingia. Mwakio akameza mate kwa sauti. Saru akampa Mkawasi moja, naye akala, akafumba macho. Hakuna aliyeanguka. Wale wanaume wakawa wananyoosha shingo kama kuku walioona punje, kila mmoja akitaka kujua, hakuna anayetaka kutangulia.

Ila Maghanga. Maghanga alikuwa ameshaelewa. Akasogea mbele na tumbo lake, akatoa sauti ya ukoo.

"Vyema. Kama ni chakula, basi desturi iko wazi. Mkubwa wa ukoo ndiye anayeanza. Na kuanzia leo mmea huu utakuwa chini ya ukoo." Akatia mkono kwenye ungo, akachukua tunda nono.

"Kula, Shemeji," akasema Saru. "Lakini ngoja nikukumbushe maneno yenu wenyewe, nisije nikalaumiwa na watoto wako. Mlisema mmea huu unanyonya maziwa ya mnyaa. Nami nilikuwa nachunguza hilo hilo. Tawi lililopita hewani halikunyonya kitu. Tawi lililojizungusha kwenye mnyaa, hilo sijui. Na matunda yakishaanguka yanachanganyika, na kwa macho hayatofautiani hata kidogo."

Mkono wa Maghanga ukasimama njiani, kati ya ungo na mdomo.

"Wewe unayatofautishaje?"

"Kwa ulimi. Mimi nimekwisha kuyaonja mengi, ulimi wangu umezoea. Likiwa baya nitalijua kabla sijameza. Wewe utalijua baada." Akainua mabega. "Lakini desturi ni desturi. Mkubwa aanze. Karibu."

Ndama walisikika wakitafuna ng'ambo ya ua. Maghanga akaligeuza lile tunda. Lilikuwa limekunjamana, jeusi, linanukia kama habari njema. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Aliwatazama wazee wenzake. Wazee wenzake wakatazama milima. Akamtazama Mwakio, Mwakio akaanza kukagua mpini wa jembe lake.

Halafu Maghanga akalirudisha tunda kwenye ungo, polepole, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata wazo lake mwenyewe.

"Nasema hivi," akatangaza. "Si haki mkubwa wa ukoo ahatarishwe. Kuanzia leo mwanamke mzee wa nyumba ataonja kwanza. Si tunda hili peke yake. Tunda lolote, msimu wowote, la kwanza kuiva litaanzia kwake. Nani ajuaye mizizi imekunywa nini huko chini? Akimeza akabaki amesimama, sisi tutakula. Akianguka, basi, tutakuwa tumejua."

"Na bustani hii?" akauliza Saru, kwa sauti ya unyonge ambayo Mkawasi hakuwahi kuisikia kwake tangu aolewe.

"Ibaki kwako. Utaonjaje kama huna pa kuzoeza ulimi?"

Wazee wakasema ndiyo, ndiyo, hilo ni neno la busara. Wakaipongeza akili ya Maghanga, ambaye amewapatia wanaume wa Kironge ngao isiyokula gharama. Saru akainamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa kesi. Kisha akaonja matunda yote yaliyokuwa kwenye ungo, akimega kidogo katika kila moja, na yale aliyoyaona ni manono akayasukuma pembeni, akisema hayo ana mashaka nayo. Aliyobakiza akawapa wanaume. Walikula, wakapiga ndimi, wakalamba vidole, wakambariki Maghanga.

Maghanga alikwenda kaburini miaka mingi baadaye akiamini kwamba alikuwa amewapata wale wanawake.

Walipoondoka, Mkawasi akafungua mdomo wake hatimaye, na ulikuwa umechoka kwa kufungwa.

"Mama, kweli yapo yaliyonyonya mnyaa?"

"Nitajuaje," akasema Saru, akivuta yale ya mashaka, "kama sitayaonja yote?"

Tunda lile ndilo mnaloliita pasheni, na wengine karakara. Wapo wasemao lilikunjamana ili lifanane na uso wa Saru, liwe ukumbusho wake. Maneno ya watu waliokosa kazi. Tunda halina macho ya kumtazama mtu. Linakunjamana kwa sababu ndivyo linavyoiva, na anayeyatazama makunyanzi yake akaliita bovu, shauri yake, ale lile linalong'aa, akunje uso.

Na tangu siku hiyo, huko milimani, pasheni halichumwi mtini. Huachwa lianguke, likaokotwa. Na tangu siku hiyo, tunda la kwanza la msimu, liwe pasheni, liwe pera, liwe embe, halipiti kinywani mwa mtu kabla ya kinywa cha bibi. Watu humletea kwenye sahani safi, humpa kigoda, husimama mbele yake wote, wakubwa kwa wadogo, mate yamewajaa, wakitazama koo lake likipanda na kushuka. Vijana husema ni heshima, na si vibaya waseme hivyo. Ukweli wenyewe mama mkwe humwambia mkwewe siku ile mkwe naye anapopata mjukuu wa kwanza, wakiwa wawili tu bustanini, nao hucheka mpaka washikane mabega. Kisha hurudi nyumbani na nyuso za watu wazima. Bibi huketi. Bibi hutia tunda mdomoni. Na hakuna desturi yoyote, mlimani wala bondeni, inayosema kwamba lazima atafune haraka.